Wiki ya Kuwakutanisha Wafasiri

Jumatatu

Benki ilifunguliwa saa mbili na nusu. Niliwakuta watu wamejaa ngazini. Akaunti ya chama chetu cha wafasiri na wakalimani ina watia saini watatu, na fedha hazitoki mpaka wawili watie. Mwenyekiti yuko Dodoma kikazi. Mhazini alikuja, akatia saini, dada wa dirishani akailinganisha na ile ya siku tulipofungua akaunti, akatikisa kichwa. Miaka imepita na mkono wa Mhazini umebadilika. Aliambiwa atie tena, na tena, mtu wa umri wake, mbele ya foleni nzima, na kila aliyoitia ilizidi kwenda mbali na ile ya zamani. Tukaambiwa turudi tukakae, tutaitwa.

Fedha hizo ni za ukumbi. Jumamosi tunawakutanisha wanachama hapa Dar es Salaam ili wafahamiane. Mimi ni katibu wa kamati ya mahusiano, kwa hiyo ukumbi, chai, viti, beji na mgeni rasmi vyote ni juu yangu. Tumechagua siku za karibu na tarehe 30 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017. Ndiyo siku anayokumbukwa Mtakatifu Jerome, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini. Watu humchora akiwa peke yake mezani na simba miguuni. Lakini Kiebrania alifundishwa na Wayahudi, na gharama za maisha yake kule Bethlehemu zilibebwa na mwanamke tajiri wa Roma, Paula, aliyekuwa pia msomaji wake wa karibu. Hata yeye alikuwa na watu wake.

Saa sita saini ikakubalika. Nikawapigia watu wa ukumbi kuwaambia nakuja kulipa. "Sawa kaka," akasema dada, "ila Jumamosi jioni kuna kicheni pati, wapambaji wanaingia saa nane. Nyie mtakuwa mmeshatoka?" Tulikuwa tumeandikisha mpaka saa kumi na moja. Nilimwambia tutatoka.

Jumanne

Saa moja asubuhi niliweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la chama: siku, mahali, saa, na ombi kila mtu ajibu kama anakuja au haji, kwa sababu mpishi anataka idadi. Kufikia saa nne nilikuwa nimepata vidole gumba, maua, "Amina", na tangazo la viwanja Kigamboni. Saa tano mpishi akapiga simu kuulizia idadi. Sikuwa nayo.

Swali lililoulizwa kuliko yote ni kama kuna posho. Hakuna. Kuna chai, chakula cha mchana na watu wa kazi yako. Nililijibu kila lilipoulizwa, kwa maneno yaleyale. Mchana wakaacha kuuliza pale kundini, wakaanza kuniuliza pembeni.

Mzee wetu mmoja aliandika kwamba yeye anawajua wote anaowahitaji. Namheshimu, mimi nikiwa shule ya msingi yeye tayari alikuwa kizimbani akikalimani. Nikamjibu pembeni, nikaanza na shikamoo. Nikamweleza habari za Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1973 makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Aliwahoji watu wenye taaluma katika mji ulio kando ya Boston kuhusu namna walivyopata kazi zao. Kati ya waliopata kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa kila siku anajua unayoyajua, na habari mpya hutoka kwa yule mnayesalimiana mara mbili kwa mwaka. Mzee akajibu, "Marahaba." Hakuongeza neno.

Na kwetu sisi jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Mkalimani wa papo kwa papo haketi kizimbani peke yake. Huwa wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi, maana kusikiliza lugha moja huku unasema nyingine huchosha akili upesi, na aliyechoka huanza kuruka maneno bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo mwenye mkutano akikupigia simu, mkishaelewana malipo anauliza: mwenzako nani? Kijana asiye na jina la kutaja hapo, kazi inampita. Nimewaona wahitimu hodari wakipitwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka wengine wakaenda kuuza vifaa vya simu. Inaniuma.

Jioni idadi ilikuwa bado haijajulikana. Mpishi akasema atakadiria.

Jumatano

Steshenari. Mbele yangu walikuwapo wazazi wenye vyeti vya kuzaliwa vya kutoa kopi, kila kimoja kurasa zake, na mama mmoja aliyekuwa akiandikiwa barua ya maombi ya kazi ya mwanawe, neno kwa neno, mwanawe akiwa amekaa pale pale. Nilisubiri.

Beji ndilo jambo nililolifikiria sana kuliko yote ya wiki hii. Katika mikutano yetu beji huwa na jina na nembo, basi. Watu wakishasomana majina hawana la kuendelea nalo. Safari hii nilitaka chini ya jina ziwepo lugha za mtu, na chini yake mistari miwili: "Ninaweza" na "Ninatafuta". Ninaweza: hukumu za mahakama, Kiingereza kwenda Kiswahili. Ninatafuta: mwenzangu wa Kifaransa. Ninaweza: matini za tiba. Ninatafuta: mhariri. Mtu mwenye haya, na wengi wetu tumeingia kazi hii kwa sababu tunapenda kukaa na maandishi, hahitaji kujieleza. Asomwe tu.

Kijana wa kompyuta alifanya kazi haraka. Aliona nembo imebanwa, akaikuza, na ile mistari miwili ya chini akaifuta ili ipate nafasi. Nikamwomba airudishe. Umeme ukakatika.

Ulipowashwa tukaanza upya. Safari hii mistari ilikuwapo na lugha zilikuwapo, lakini jina la kwanza kwenye orodha lilijirudia katika beji zote, na la kwanza ni la Mwenyekiti. Karatasi ngumu ilikuwa imekwisha dukani. Akatumwa mdogo wake kuitafuta Kariakoo. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka akarudi.

Wakati nasubiri alinipigia mwanachama wetu anayefanya ukalimani wa lugha ya alama. Alikuwa ametumiwa fomu ya zamani ya chama, ile inayouliza lugha unazosoma na lugha unazoandika. Akauliza yake aiandike wapi. Nikamwambia aiandike popote, kwa wino mwekundu akipenda, na beji yake nikaisimamia mwenyewe: Lugha ya Alama ya Tanzania. Ninatafuta: mwenzangu. Yeye naye huchoka baada ya nusu saa kama sisi, na mikono yake ikichoka hakuna anayesikia.

Alhamisi

Barua ya kumwalika mgeni rasmi niliipeleka wiki tatu zilizopita katika ofisi moja ya umma. Leo nilikwenda kuuliza jibu. Masjala wakasema barua imepokelewa, muhuri upo, lakini faili limepanda juu. Juu wakasema limeshuka. Nilipanda na kushuka nalo hivyo mpaka wakaenda kula.

Nilisema tangu mwanzo kwenye kamati, na kumbukumbu za kikao zipo, kwamba mkutano wa kufahamiana hauhitaji mgeni rasmi. Akija mgeni rasmi inakuja meza kuu. Ikija meza kuu viti vinageuka kuielekea. Viti vikishaielekea, wanachama wanaangalia visogo vya wenzao siku nzima. Wajumbe wakasema chama kisicho na mgeni rasmi hakiandikwi magazetini. Ikapigwa kura, nikashindwa, na nilipewa mimi kazi ya kumtafuta.

Saa tisa nikajulishwa kuwa mheshimiwa atakuwa safarini na atatuma mwakilishi. Saa kumi na nusu mwakilishi naye akatuma ujumbe kwamba atawakilishwa. Jina la atakayekuja nitapewa Jumamosi.

Ijumaa

Nilikwenda stesheni ya treni ya SGR kuwapokea wenzetu wa Dodoma na Morogoro. Tangu safari za treni hiyo zilipoanza mwaka 2024 wanachama wa bara wanaweza kuja bila kukesha barabarani, na hilo limebadilisha orodha yetu kabisa. Treni ilifika. Gari tuliloahidiwa halikufika. Tuligawana kwenye bajaji, mizigo magotini, mvua ikiingia kwa pembeni.

Mpishi amekadiria watu mia. Wamethibitisha thelathini na wachache.

Jumamosi

Nilifika ukumbini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeomba meza za duara, watu sita sita. Nilikuta viti vimepangwa safu kwa safu kama darasa, vimefungwa vitambaa vya kicheni pati, na mbele kuna meza kuu yenye maua. Kijana wa ukumbi akasema meza za duara zimekwenda kwenye msiba Mbagala. Hakuna cha kubishania na msiba.

Ratiba ilikuwa hivi: saa tatu kufika, saa tatu na nusu maneno mafupi ya Mwenyekiti, saa nne mpaka saa tano na nusu watu kuzunguka wakisomana beji, kisha mgeni, chakula, na saa nane nje. Ile saa moja na nusu ya katikati ndiyo iliyokuwa mkutano. Mengine yote niliyaweka kwa adabu tu.

Saa tatu tulikuwa wachache. Saa nne tukawa wengi, wengi kuliko waliothibitisha, na mpishi alinitazama kwa mara ya kwanza wiki hii bila kinyongo. Foleni ya beji ilifika mpaka ngazini kwa sababu waliokuja bila kujiandikisha ilibidi waandikiwe kwa mkono, na kalamu nene ilikuwa moja. Walisubiri bila kelele. Nawashukuru.

Kisha wakakaa, na walikaa kama nilivyohofia. Walimu wa chuo kikuu pamoja. Waliofanya kazi Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, pamoja. Hao walikalimani miaka mingi kati ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, wakisikiliza mambo ambayo mtu hapaswi kuyasikia hata kwa lugha moja, na wanaelewana kwa kutazamana tu. Wa tafsiri za kampuni za simu pamoja. Vijana nyuma kabisa, karibu na soketi. Kati ya vijana na wa Arusha palikuwa na safu tano tupu.

Mwenyekiti alipotaka kuanza, mshereheshaji akasema itifaki hairuhusu kuanza kabla ya mgeni. Tukangoja. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Mshereheshaji aliweka muziki mkubwa kiasi kwamba hata waliokaa jirani hawakuweza kuongea, na nilipomwomba apunguze akasema ukumbi utapoa. Saa moja na nusu yangu iliishia hapo, watu wakitazama maua.

Mgeni alifika saa tano na dakika arobaini. Alikuwa mtu muungwana, alipewa hotuba asubuhi ileile, akaisoma yote. Taa zikazimwa ili picha za projekta zionekane. Papo hapo mwanachama wetu kiziwi, mfasiri mzuri wa maandishi, akanyoosha mkono na kuuacha juu. Mkalimani wake alikuwa gizani, hakuna alichokiona. Ilichukua muda mpaka mtu wa swichi akapatikana, na taa zilipowaka picha hazikuonekana tena. Hotuba iliendelea bila picha. Haikupungukiwa kitu.

Ilisema SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, hapa hapa Dar es Salaam. Kwamba UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwamba Umoja wa Afrika mwaka 2022 ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Kwamba mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Yote ni kweli, na yote ni fahari. Lakini SADC haimpigii simu kijana wa safu ya nyuma. Anayempigia ni mama wa safu ya pili, siku mwenzake wa kawaida anapougua, na ili ampigie lazima awe amewahi kumwona.

Hotuba ilikwisha saa sita na nusu, na picha za pamoja zikala nusu saa nyingine: meza kuu na kamati, meza kuu na wanawake, meza kuu na vijana, meza kuu na wa mikoani. Ilipofika saa saba mshereheshaji akatangaza chakula na kufunga. Nilikwenda kumwambia kwamba kuna jambo bado. Alinionyesha saa yake.

Wakati tunabishana, mama mmoja wa Arusha aliinuka, akashika kiti chake, akakigeuza. Kitambaa chake cha kicheni pati kikaburuta chini. Akakisogeza kupita zile safu tupu, akakiweka mbele ya vijana, akakaa, akamshika binti wa kwanza beji yake akaisoma kwa sauti: "Unatafuta mwenzako wa Kifaransa. Umefanya kazi wapi?" Binti akasimama kumwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa, niambie." Wenzake wawili wa Arusha wakamfuata na viti vyao. Kisha walimu. Wapambaji wa kicheni pati walikuwa wamekwisha kufika na ngazi zao na puto, wakasimama mlangoni wakingoja.

Tulipata dakika kama arobaini, watu wakila wamesimama, sahani mkononi, wakisomana vifua. Niliwaona wawili wa hukumu za mahakama, mmoja wa Mwanza na mmoja wa hapa, wakigundua kwamba wamekuwa wakihangaika na istilahi zilezile kila mmoja chumbani kwake. Mkalimani wa lugha ya alama alipata mwenzake. Yumo humuhumu chamani, anakaa Tabata, na hawakuwahi kuonana. Yule mzee wa "Marahaba" alikuja pia. Nilimkuta pembeni anaandika namba za vijana kwenye daftari, kwa kalamu, polepole, akiwauliza herufi za majina yao.

Saa nane kamili tukatolewa. Tuliendelea uani, kwenye jua, mpaka mlinzi akaomba tupishe magari.

Jumapili

Chakula kilibaki cha watu ishirini. Mwanachama mmoja ameandika kundini kwamba yeye hakupata. Mwingine ameuliza kama posho itatumwa kwa simu. Ankara ya wapambaji imeletwa kwangu, kwa kitambaa cha kiti kilichochafuka kwa kuburutwa. Kamati itailipa, na nitaisemea kikaoni kwamba ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote za wiki.

Nimepitisha asubuhi nikiandika orodha mpya: jina, lugha, anachoweza, anachotafuta, simu, kwa wale tu walioridhia namba zao ziwemo. Itatumwa kwa wanachama leo jioni. Na nimeandika hoja ya kikao kijacho, kurasa mbili. Meza kuu iondolewe. Mgeni, akiwapo, aje mwisho na avae beji kama sisi, naye aandike anachotafuta. Taa zisizimwe kamwe panapokuwa na mkalimani wa alama. Muziki hapana. Na saa ya watu kusomana iwe ya kwanza kwenye ratiba, ianze na waliopo, hata wakiwa wanane, maana kinachowekwa katikati ndicho kinacholiwa na wanaochelewa.

Mkutano unaofuata ni Morogoro, mwezi Januari, saa tatu asubuhi. Ada ya mwaka ilipwe kabla. Mwanachama mwenzangu, hasa wewe uliyekaa kizimbani miaka mingi: mwaka huu umezikataa kazi kwa kuwa tayari ulikuwa na nyingine tarehe hiyo. Ukikataa tena, usikate simu kabla hujataja jina la mtu kutoka kwenye orodha hiyo.